Vidonge, iodini ya mnururisho au kisu: njia tatu za kutuliza thairoidi iliyozidi kasi

Daktari amekwambia tezi yako ya thairoidi inatoa homoni kupita kiasi. Kisha amekutajia njia tatu: vidonge vya kuituliza, iodini yenye mnururisho (mionzi) ya kuiua polepole, au upasuaji wa kuiondoa. Akamalizia kwa maneno yanayowaacha wengi njia panda: "Zote zinafaa, ni wewe kuchagua."

Ni kweli zote zinafaa. Zote zimetumika kwa zaidi ya miaka 70, na bado madaktari wenyewe hawajawahi kukubaliana ipi itangulie. Kwa miongo mingi Marekani iliegemea iodini, huku Ulaya na Japani zikianza na vidonge, na miaka ya karibuni Marekani nayo imekuwa ikivirudia vidonge. Wataalamu waliosoma sayansi ileile wakitofautiana hivyo, ujue kuna jambo lisilopimwa maabara: mgonjwa yuko tayari kubeba mzigo gani. Kila njia inanyamazisha tezi, na kila moja inakuachia deni lake.

Tezi hii inatawaliwa vipi

Ukielewa tezi inavyotawaliwa, majibu ya vipimo vyako hayatakuchanganya tena.

Thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya zoloto, imelikumbatia bomba la hewa kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Huchota iodini, yaani madini joto, kutoka kwenye damu na kuunda homoni mbili: T4 yenye atomu nne za iodini, na T3 yenye tatu. Sehemu kubwa ya inayomwagwa kwenye damu ni T4, ambayo ni kama akiba. Huko kwenye ini, figo, misuli na kwingineko hupunguzwa atomu moja ikawa T3, na T3 ndiyo inayoingia ndani ya seli na kuiamuru ichome nishati kwa kasi gani. Ndiyo maana homoni hii ikizidi hakuna kiungo kinachosalimika: moyo unakwenda mbio, jasho linatoka bila sababu, mikono inatetemeka, uzito unashuka ingawa unakula, usingizi unapotea, hedhi inavurugika, na mifupa inalika kimyakimya.

Thairoidi haijiamulii kazi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ujumbe kwa tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, na pituitari hutoa homoni ya TSH inayoisukuma thairoidi. Homoni za thairoidi zikijaa kwenye damu, pituitari huhisi na kupunguza TSH, kama mpishi anayetoa kuni chungu kinapotaka kufurika. Zikipungua, huongeza. Kwa hiyo TSH husomwa kinyume: ikiwa chini sana huku T4 iko juu, thairoidi imezidi kasi. Wengi wameona "TSH ya chini" kwenye karatasi wakadhani wana upungufu.

Katika ugonjwa wa Graves, ambao ndio chanzo kikuu cha hali hii, utaratibu huo hupinduliwa. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoiga TSH. Zinaingia kwenye kitasa kilekile cha TSH kama ufunguo bandia, na tezi inaendelea kusukumwa. Pituitari imeshanyamaza, TSH imeshuka karibu na sifuri, lakini anayesukuma sasa hasikii amri ya mtu. Robert Graves wa Dublin aliueleza ugonjwa huu mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Ujerumani mwaka 1840, ndiyo maana sehemu za Ulaya bado unaitwa kwa jina la Basedow.

Shika hili hadi mwisho wa makala: kosa liko kwenye kinga, lakini njia zote tatu zinaikabili tezi. Hakuna inayokwenda moja kwa moja kulirekebisha kosa lile. Tofauti nyingi utakazozisoma hapa chini zinatokana na hapo.

Kwanza hakikisha unatibu ugonjwa upi

Si kila thairoidi yenye homoni nyingi ina Graves. Wakati mwingine tezi imevimba kwa uchochezi, mara nyingi baada ya maambukizi ya virusi au baada ya kujifungua, na inavujisha homoni ilizokuwa imezihifadhi. Hali hiyo hutulia yenyewe kwa wiki au miezi kadhaa. Hapo hakuna cha kuchagua: vidonge vya kuzuia utengenezaji havisaidii kitu kwa tezi ambayo haitengenezi kupita kiasi, na kuikata au kuiua itakuwa dhuluma. Wakati mwingine tena, chanzo ni kinundu kimoja au vingi vilivyoasi na kujifanyia kazi bila kusubiri TSH. Vinundu hivyo vidonge huvituliza, lakini haviviponyi. Ukiacha dawa, homoni hupanda tena.

Kipimo cha damu cha kingamwili za Graves, au picha ya kuonyesha tezi inavyofyonza iodini, hutenganisha hali hizi. Uliza kama umefanyiwa kimojawapo. Pia, kama unatumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele au kucha, mwambie daktari na uviache siku chache kabla ya kupima. Dozi kubwa ya biotini huvuruga mashine za maabara kadhaa na inaweza kutoa majibu yanayofanana kabisa na Graves kwa mtu mzima wa afya.

Na huna haja ya kuamua ukiwa umeshikwa na papatiko la moyo. Dawa kama propranololi hupunguza mapigo na kutetemeka ndani ya saa au siku chache tu, ingawa hazigusi tezi na hazimfai mwenye pumu. Mwili ukitulia, akili nayo huamua vizuri zaidi.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa mambo haya: inavyofanya kazi na muda inaochukua, uwezekano wa ugonjwa kurudi, hatari zake kubwa, athari yake kwa macho, ujauzito na kunyonyesha, na watu inaowafaa. Macho nimeyapa nafasi yake kwa sababu kingamwili za Graves zinaweza kushambulia pia tishu za nyuma ya jicho, na jicho lililotokeza au kuona vitu viwili viwili kunaweza kumtesa mtu muda mrefu baada ya thairoidi kutulia.

Njia ya kwanza: vidonge

*Inavyofanya kazi na muda.* Kabimazoli na methimazoli (ya kwanza hugeuka kuwa ya pili mwilini) huzuia tezi isiunganishe iodini kuwa homoni. Dawa ya tatu, propilthayourasili, inayojulikana zaidi kwa kifupi PTU, hufanya hivyo pia na hupunguza kidogo ubadilishaji wa T4 kuwa T3. Kwa kuwa dawa hazigusi akiba iliyokwisha kutengenezwa, nafuu ya kweli huja baada ya wiki 3 hadi 8. Matibabu huendelea kwa miezi 12 hadi 18, pamoja na vipimo vya damu kila baada ya wiki kadhaa mwanzoni. Edwin Astwood ndiye aliyeifungua njia hii mwaka 1943, kwa dawa iliyozitangulia hizi.

*Kurudi kwa ugonjwa.* Hili ndilo deni la vidonge. Takriban nusu ya wagonjwa wa Graves wanaomaliza dozi hubaki salama bila dawa. Nusu nyingine, na pengine zaidi, ugonjwa huwarudia, hasa katika mwaka wa kwanza. Wenye rovu dogo (uvimbe wa tezi shingoni), ugonjwa mwepesi na kingamwili chache wana matumaini zaidi. Wavutaji sigara na wenye rovu kubwa wana machache. Kabla ya kuacha dawa, omba kingamwili zipimwe. Zikiwa bado juu, kuacha ni kubahatisha. Siku hizi inakubalika pia kuendelea na dozi ndogo kwa miaka mingi kwa yule ambaye mwili wake unaipokea vizuri.

*Hatari kubwa.* Upele, muwasho na maumivu ya viungo huwapata wagonjwa wachache na mara nyingi huvumilika. Ila iko hatari moja ambayo ningeomba kila anayeanza dawa hizi aikariri. Kwa watu 2 hadi 5 kati ya kila 1,000, dawa hushusha ghafla chembe nyeupe za damu zinazopigana na bakteria. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi 3 ya kwanza, na kupima damu kila mara hakutoshi kuigundua mapema, kwa kuwa chembe zinaweza kuporomoka kwa siku chache. Ishara zake ni homa, koo linalouma na vidonda mdomoni, yaani mambo ambayo mtu huyachukulia kuwa mafua. Ukiwa kwenye dawa hizi na ukapata homa au koo kuuma, acha vidonge siku hiyohiyo na ukapimwe wingi wa chembe nyeupe siku hiyohiyo. Usisubiri hadi asubuhi. Zikiwa zimeshuka kweli, hutarudi tena kwenye dawa yoyote ya kundi hili, kwa sababu iliyokudhuru moja yaweza kukudhuru na nyingine.

Ini nalo laweza kuumia. Kwa PTU madhara hayo yamewahi kuwa makali hata kuua, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake zito kabisa. Ndiyo maana leo PTU si chaguo la kwanza isipokuwa kwa hali maalumu. Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai na kichefuchefu kisichoisha ni sababu ya kuacha na kukimbilia hospitali.

*Macho.* Vidonge haviyaharibu.

*Ujauzito.* Kabimazoli na methimazoli zikitumika katika wiki za mwanzo, hasa kati ya ya 6 na ya 10, zinaweza kusababisha kasoro za maumbile kwa mtoto. Kwa hiyo PTU ndiyo hutumika katika miezi 3 ya kwanza, na dozi huwa ndogo kadiri inavyowezekana. Mwanamke anayetarajia mimba alizungumze jambo hili kabla, maana wiki ya 6 mara nyingi humkuta mtu ndiyo kwanza anajua. Kunyonyesha kwa dozi za kawaida kunaruhusiwa.

*Inamfaa nani.* Aliyegunduliwa kwa mara ya kwanza, ugonjwa wake ni wa wastani, anataka kuipa tezi yake nafasi ya kupona, na anaweza kuhudhuria vipimo bila kukatiza.

Njia ya pili: iodini yenye mnururisho

*Inavyofanya kazi na muda.* Thairoidi haiwezi kutofautisha iodini ya kawaida na ile yenye mnururisho. Unameza kidonge au maji yenye iodini-131, tezi inaifyonza kwa pupa yake ileile, na miale ya beta, ambayo husafiri milimita 1 au 2 tu, huziua seli za tezi kutoka ndani. Sijaona tiba nyingi zinazoutumia udhaifu wa ugonjwa kwa ustadi kama hii: kadiri tezi inavyozidi kasi, ndivyo inavyojimezea dawa. Saul Hertz alianza kuitumia kwa wagonjwa huko Boston mwaka 1941.

Nguvu ya mnururisho hupungua nusu kila baada ya siku 8, lakini matokeo huchukua wiki 6 hadi miezi 6. Wakati huo homoni zinaweza kupanda kwa muda zinapovuja kutoka kwenye seli zinazokufa, na mwenye moyo dhaifu hutulizwa kwanza kwa vidonge.

*Kurudi kwa ugonjwa.* Ni nadra. Wengi humalizana nao kwa dozi moja. Wachache huhitaji ya pili, kwa kawaida baada ya kusubiri miezi 6. Deni lake ni jingine: wagonjwa wengi wa Graves huishia na upungufu wa homoni na kumeza kidonge cha kuziba pengo maisha yote. Siku hizi madaktari wengi hulenga hivyo makusudi. Ukiambiwa umepata upungufu baada ya iodini, usidhani tiba imeharibika.

*Hatari kubwa.* Swali la kila mtu ni saratani. Wagonjwa wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na picha ya jumla inatuliza, ingawa watafiti bado wanabishana kama liko ongezeko dogo kwa dozi kubwa. Kinachokera zaidi kila siku ni masharti: kwa siku kadhaa hadi wiki chache, kulingana na dozi na kanuni za nchi, unalala peke yako, hukumbatii watoto wala wajawazito, na unavuta maji ya choo mara mbili, maana iodini hutoka kwa mkojo, mate na jasho. Ukisafiri kwa ndege karibuni baada ya hapo, beba barua ya hospitali, kwani mitambo ya kunasa mnururisho inaweza kulia.

Mama mwenye mtoto mchanga na chumba kimoja cha kulala anapaswa kuyapima masharti haya kwa uzito uleule anaoupa takwimu za kitabibu. Ni sababu halali kabisa ya kuchagua njia nyingine.

*Macho.* Hapa ndipo iodini inapoachwa nyuma. Seli za tezi zinapokufa, kinga huchokozeka, kingamwili hupanda kwa miezi, na kwa takriban asilimia 15 hadi 20 ya wagonjwa wa Graves macho huanza kuugua au huzidi kuugua. Anayevuta sigara yuko hatarini zaidi. Steroidi, yaani dawa za kutuliza uchochezi, zikitolewa sambamba hupunguza hatari kwa wenye ugonjwa mwepesi wa macho. Mwenye ugonjwa mkali wa macho kwa kawaida hupewa njia nyingine.

*Ujauzito.* Marufuku. Thairoidi ya mtoto tumboni huanza kufyonza iodini karibu na wiki ya 10 hadi 12, na dozi hiyo inaweza kuiangamiza. Kipimo cha mimba hufanywa kabla ya kumeza, na mimba husubiri angalau miezi 6 baadaye. Mwanamume naye hushauriwa asubiri miezi kadhaa kabla ya kutungisha mimba. Anayenyonyesha aache wiki kadhaa kabla ya tiba, na asirudi kumnyonyesha mtoto huyo.

*Inamfaa nani.* Ambaye ugonjwa umemrudia baada ya vidonge, mwenye vinundu vilivyoasi, mtu mzima ambaye moyo au mapafu yake hayawezi kuvumilia usingizi wa dawa ya upasuaji, na asiye na tatizo la macho wala mpango wa mimba wa karibuni.

Njia ya tatu: upasuaji

*Inavyofanya kazi na muda.* Tezi huondolewa yote au karibu yote, na tatizo la homoni nyingi huisha siku hiyo. Lakini siku hiyo haiji ghafla. Homoni lazima zishushwe kwanza kwa vidonge, na mara nyingi mgonjwa wa Graves hupewa matone ya iodini ya kawaida kwa siku kama 10 kabla, ili kupunguza damu inayopita kwenye tezi. Kupasua tezi iliyochachamaa kunaweza kuamsha tufani ya homoni inayohatarisha maisha. Kwa hiyo hata anayechagua kisu hupitia vidonge kwanza.

Njia hii ina historia inayostahili kukumbukwa. Theodor Kocher wa Bern aliufanya upasuaji wa rovu, uliokuwa ukiua wengi, kuwa salama kiasi cha kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Ila mwaka 1883 alikuwa ameripoti jambo lililomhuzunisha: wagonjwa aliowaondolea tezi yote walikuwa wamevimba nyuso, wazito wa mwendo, wazito wa akili kupita walivyokuwa. Upasuaji wake uliofanikiwa ndio uliofichua kwamba tezi ile ilikuwa na kazi. Mwaka 1891 George Murray, huko Uingereza, alimdunga mwanamke mwenye upungufu kama huo maji yaliyokamuliwa kutoka thairoidi ya kondoo. Akapata nafuu, akaishi miaka 28 zaidi. Anayeondolewa tezi leo anakuta pengo lake limekwisha kupatiwa kizibo.

*Kurudi kwa ugonjwa.* Tezi ikiondolewa yote, karibu haupo.

*Hatari kubwa.* Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele, parathairoidi, zinazotawala kalsiamu ya damu. Zikiguswa au kukosa damu, kalsiamu hushuka: ganzi kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, misuli kukaza. Kwa wengi hali hii hupita baada ya siku au wiki. Kwa wachache hudumu maisha yote, na hao humeza kalsiamu na vitamini D kila siku. Karibu na hapo hupita neva za sauti. Moja ikiumia kabisa, sauti hubaki na ukwaruzo. Katika mikono ya mpasuaji mzoefu, kila moja ya hatari hizi za kudumu huwa karibu asilimia 1 au 2. Kwa asiyezoea hupanda. Kutokwa damu ndani ya shingo ni nadra, hutokea hasa katika saa 24 za kwanza, na ni dharura kwa sababu hubana njia ya hewa.

Kwa hiyo swali muhimu kuliko yote kuhusu upasuaji halihusu upasuaji bali mpasuaji: anaondoa thairoidi ngapi kwa mwaka? Muulize ana kwa ana. Mzoefu hataona amevunjiwa heshima.

*Macho.* Upasuaji hauyazidishi, na kingamwili hupungua polepole baada ya tezi kuondoka.

*Ujauzito.* Ni njia ya haraka kwa anayetaka mimba karibuni, maana anaweza kuendelea mara tu dozi yake ya homoni itakapotulia. Ikilazimika kufanyika wakati wa mimba, miezi 3 ya katikati ndiyo salama zaidi.

*Inamfaa nani.* Mwenye rovu kubwa linalobana pumzi au chakula, mwenye kinundu kinachoshukiwa saratani, mwenye ugonjwa mkali wa macho, au ambaye mwili wake umezikataa dawa na hawezi kusubiri iodini.

Kidonge cha maisha

Wengi hukataa iodini na upasuaji kwa sababu moja: "Sitaki kumeza dawa maisha yote." Naielewa hofu hiyo, lakini nadhani inapewa uzito kuliko inavyostahili. Levothairoksini ni T4 ileile ambayo tezi ingeitoa. Hubaki kwenye damu muda mrefu, nusu yake ikiisha baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo kusahau siku moja hakuleti maafa. Mtu mzima asiye na tezi huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Hunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na hutenganishwa kwa saa 4 na vidonge vya kalsiamu au madini ya chuma. TSH hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya kila mabadiliko ya dozi, kisha mara moja kwa mwaka.

Hata hivyo si kila mtu hujisikia vilevile kama zamani. Wapo ambao TSH yao ni nzuri na bado wanalalamika uchovu na uzito. Malalamiko yao ni ya kweli, na ni haki ya anayechagua kuyajua mapema. Na anayeishi mahali ambapo dawa hukosekana kwa miezi ajiulize kwa makini, kwa sababu mwili usio na tezi hauna akiba ya kudumu.

Kwa wanawake liko jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Tezi ikiisha kuondolewa au kuuawa, kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu kwa miaka, zikapenya kondo la nyuma na kuisukuma thairoidi ya mtoto. Hata kama umepona miaka mingi iliyopita, mwambie mkunga na daktari kwamba uliwahi kuwa na Graves, wakupime kingamwili mimba ikiwa changa. Dozi ya levothairoksini nayo huhitaji kuongezwa mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi.

Ukijiweka katika hali yako

Ni mara yako ya kwanza, rovu ni dogo, kingamwili si nyingi: anza na vidonge. Hupotezi kitu, kwa kuwa milango mingine miwili inabaki wazi, ilhali ukipita iodini au kisu hakuna kurudi.

Ugonjwa umekurudia baada ya kumaliza dozi: njia zote tatu bado ni halali. Aliyechoka na vipimo na mashaka huelekea iodini au upasuaji. Aliyeishi vizuri na dozi ndogo anaweza kuiendeleza kwa miaka. Hapa ndipo tabia yako ina sauti kuliko maabara. Yupo anayelala usingizi kwa kujua jambo limekwisha, na yupo asiyelala akijua kiungo chake hakipo.

Una vinundu vilivyoasi: iodini au upasuaji. Vidonge ni vya kukuvusha tu, au vya kudumu kwa mzee ambaye hali yake hairuhusu kingine.

Unataka mimba ndani ya mwaka: kama ugonjwa ni mwepesi, vidonge kwa mpango maalumu, kama ni mkali au kingamwili ziko juu sana, upasuaji kabla ya mimba una hoja nzito. Iodini inaweza kusubirisha mpango wako na kupandisha kingamwili wakati usiofaa kabisa.

Macho yameanza kutokeza: vidonge au upasuaji. Na kama unavuta sigara, kuiacha kutayasaidia macho yako kuliko tofauti yoyote kati ya njia hizi.

Moyo umeshaanza kwenda bila mpangilio, au umri umesogea: unahitaji uhakika zaidi kuliko subira. Vidonge vya kutuliza kwanza, kisha mara nyingi iodini. Kama hospitali iliyo karibu nawe haina iodini ya mnururisho, uliza kuhusu dozi ndogo ya muda mrefu kabla ya kufikiria mpasuaji asiye na uzoefu wa shingo.

Siku ya kuonana na daktari, nenda na maswali manne kwenye karatasi: kingamwili zangu ni ngapi, tezi yangu ina ukubwa gani, macho yangu yamepimwa, na homa ikinipata usiku nimpigie nani.